Chui Alizika Mbuzi

Hewa Bora, Lubumbashi
21 Novemba 2023

Kwa Keren, muke wangu mudogo,

Mie nkambo wako Alphonse, babu mwenye kuitaka mujukuu wake muke, na mwenye masikio yake ilibaki mu mashine ya kuponda mawe, nakusalimia. Juzi ulipiga telefone, muke mukubwa Julienne akaishika, akaongea weee, akacheka mpaka akajifuta macho. Nikamuuliza mujukuu wetu anasema nini. Akanionyesha kwa vidole: kidogo tu. Anakula maneno yako yote yeye peke, mie ananibakishia mifupa. Njo maana naandika. Karatasi haiko na sauti, iko sawa na mie. Antoine mwenye taksi ya Kambove amekubali kuwa posta yetu, kwa sharti moja, tusimulipe.

Basi nimesikia unataka kuwa depite, mubunge wa provinsi, na uliapa mbele ya padri kwamba hautatoa hata chumvi. Muke wangu, ku masomo unafundisha hesabu ao katekismo? Hapa Hewa Bora bakandida bote balishapita. Niko na mashati ya foto ya kila parti ya siasa. Mvua ikinyesha navaa moja juu ya ingine, bote banakubaliana ku kifua yangu kuliko kule Bungeni. Shati yako tu njo haiko. Nikitaka kukuunga mukono nitatembea kifua wazi, na mbavu zangu haziko propaganda nzuri.

Julienne anasema mwenye unapambana naye sana ni Mwenya, ule mununuzi wa mawe ya madini ya bachimbaji. Ananyanganya ku mizani, kiisha anarudisha kwa mifuko ya sukari, na bantu banapiga makofi. Lakini usimuogope. Yule ni mwina Ngo, ukoo wa chui. Weye ni mwina Mbushi, ukoo wa mbuzi, sawa na mama yako na Julienne. Chui na mbuzi ni banungwe, batani ba kufa na kuzikana. Unaweza kumutukana mbele ya bantu na yeye lazima acheke. Siku ya kilio, muntu akifiwa, munungwe njo anachimba kaburi, njo anabeba, na hakuna kumuambia asante, ju haiko zawadi, ni kazi yake. Tumia hiyo. Mutukane bure, matusi haiko mu kiapo yenu.

Hapa chini Julienne amechora mbuzi wake. Unajua hajui kuandika, lakini mbuzi huyo anapita sahihi ya waziri.

Bwana wako muzee,
Alphonse


Kambove
27 Novemba 2023

Nkambo wangu,

Nilipokea barua. Mbuzi nimemubandika ukutani juu ya kitanda, pamoja na wale wengine alinichorea zamani.

Unacheka kiapo chetu. Acha nikueleze. Darasa langu liko na bati lenye matundu, watoto wanahama na madaftari kila mvua ikianza. Miaka mitano iliyopita depite mumoja alitupikia wali na nyama uwanjani, kata yote ilikula, hata mimi nilikula. Kiisha kura tulienda kumuona kwa habari ya bati. Alitupokea vizuri. Akasema: «Mulikula. Tumemalizana.» Hakusema kwa hasira. Alisema sawa muntu wa duka mwenye amekupa mukate, na weye umelipa, na sasa unasimama tu mbele ya kaunta unamuzibia wengine njia.

Njo pale nilielewa. Kama nakupa chumvi leo, kesho huna cha kuniuliza. Kwa hiyo sisi bakandida wa Kambove tuliandika kwamba tangu siku ya kwanza ya kampanye mpaka siku ya kura, kandida hatoi kitu: sukari, kitambaa cha kikwembe, bia, transporti, na hata mchango wa kilio. Padri alisimamia. Mwenya alikuwa wa kwanza kutia sahihi, alikuja na mupiga foto. Nikichaguliwa nitaomba provinsi yote iwe na sheria namna hiyo.

Sina mashati, sina magari. Natembea mulango kwa mulango na viatu vya kufundishia. Bantu wananisikiliza vizuri. Kiisha wanaangalia mikono yangu.

Musalimie nkambo Julienne. Mwambie miguu yake nitaipaka mafuta nikija Noeli.

Keren


Hewa Bora
1 Desemba 2023

Muke wangu mudogo,

Barua yako nilisomea ku benchi, na ninajibia ku benchi, karatasi ku magoti, kwa hiyo herufi ikikimbia uifuate mwenyewe.

Ile maneno ya depite na wali nilimusomea muke mukubwa. Yaani nilipiga kelele, ju mie sijui sauti yangu inafika wapi, na bantu ba pembeni bote baligeuka. Mumama mumoja mwenye nguo nyeupe akaniwekea kidole ku midomo. Julienne alicheka kwa macho tu.

Yeye ni muzima. Amechoka kidogo ju ya kutwanga sombe, majani ya mihogo. Siku hizi mie njo nasonga bukari, ugali yetu. Ikianguka chini inaweza kuvunja simenti. Nafikiri njo maana hakutaka kula jana.

Habari ya kampanye hapa: mvua, muziki yenye siisikii, na bantu banacheza nyuma ya makamyo, malori ya bakandida. Ukiangalia bila sauti, unaona banaruka sawa bantu benye kukanyaga siafu. Kandida mumoja alinishika mukono akaongea muda murefu. Nilimuangalia meno. Alifikiri namukubali.

Usiache kazi yako kuja huku. Maliza kwanza kura. Muke mukubwa njo anasema vile.

Mbuzi iko chini.

Alphonse


Kambove
6 Desemba 2023

Nkambo,

Wiki hii shimo moja la bachimbaji lilianguka. Mume wa Chama alikuwa ndani. Chama unamujua, jirani yangu, ule mwenye kunisukaka nywele.

Nilienda kwa kilio. Kila muntu alikuwa na kitu, unga, makala, mukungu wa ndizi, na muntu wa mikro, kipaza sauti, alikuwa anasoma majina: fulani ameleta hiki, fulani ameleta kile. Mimi nilifika mikono mitupu, ju ya kiapo. Nilikuwa nimemuuliza padri kwanza, akasema kiapo ni kiapo. Nilikaa chini na banamuke. Chama aliangalia mikono yangu, kiisha akaangalia uso wangu, kiisha akageuka. Nilikaa pale mpaka jioni. Nikarudi nyumbani nikakuta unga wangu mu ndoo, umejaa, nikaufunika.

Sanduku la maiti lililetwa na kamyo ya Mwenya. Walisema si yeye, ni ndugu yake. Ndugu yake haiko kandida.

Sikulia. Sijui kwa nini nakuandikia hivyo, nakuandikia tu kwamba sikulia.

Jambo lingine. Huyu mbuzi wa barua yako ya mwisho si wa nkambo Julienne. Wake anaangaliaka kushoto na ana ndevu. Huyu anaangalia kulia na iko sawa na mbwa. Nani alimuchora? Telefone yake inaita tu. Niambie.

Keren


Hewa Bora
9 Desemba 2023

Keren,

Mbuzi nilichora mie.

Julienne amekufa jana asubui. Alikuwa amelazwa mu lopitali tangu mbele ya barua yangu ya mwisho. Ile benchi ilikuwa benchi ya lopitali. Yeye njo alikataza uambiwe mpaka kura ipite. Alisema ukijua utaacha kila kitu, na alitaka kukupigia kura mwenyewe. Nilimuambia yeye haiko wa Kambove, hawezi, akanifanyia kwa mukono vile anafanyaka kwa kuku.

Lopitali haitoi mwili mpaka deni ilipwe. Pensheni yangu unaijua, haijafika tangu zamani. Nilikaa ku mulango wa nyumba ya baridi, pale banalazaka maiti. Akaja muntu na suti. Mwenya iko na nyumba huku Lubumbashi, habari ilimufikia haraka kuliko weye. Ule muntu aliongea na mie, nikatikisa kichwa vile kiziwi anatikisaka. Akachukua kama ni eeh. Jioni deni ilikuwa imelipwa. Leo asubui hema, viti na sanduku vilishafika ku parsele, kiwanja yetu. Hema iko na foto ya Mwenya pande zote.

Sikusema eeh. Sikusema hapana vilevile.

Tunazika kesho kutwa. Antoine ananingoja ili nimupe karatasi hii. Panda naye mu taksi.

Alphonse


Hewa Bora
16 Desemba 2023

Muke wangu mudogo,

Uliondoka bila kuniaga. Niligeuka, Antoine alikuwa ameshawasha gari, na weye ulikuwa kiti ya mbele unaangalia mbele. Hakuna mubaya. Lakini acha nikuambie yenye nilifanya, ju ulikuwa umeinamisha kichwa muda wote chini ya hema ile, na juu yako meno ya Mwenya yanaangaza mu mvua.

Nilifikiri hivi. Kitu kimeshaliwa, siwezi kukitapika. Sanduku iko pale, Julienne iko ndani, siwezi kumuambia atoke. Kama mikro inasoma kwamba Mwenya ameleta hiki na kile, basi amekununua weye na kiapo yako kwa mwili wa nkambo wako. Lakini munungwe hanunui. Munungwe anatumika kazi. Basi nilipoona anashuka ku gari na telefone kibao zinamupiga video, nilisimama, nikamunyanganya Alexis, musomaji wa majina, mikro yake, nikasema:

«Chui amekuja ku kilio ya mbuzi. Mupeni mupao ya kuchimbia. Chui njo anachimba.»

Sikusikia kama bantu balicheka. Niliona mabega yao yanaruka. Mwenya alicheka na yeye, afanye nini, kukasirika ni haya. Banamuke ba kwetu bakamuvua viatu, bakamumwagia unga ku kichwa. Kule makaburini nilimupokonya mwavuli. Alichimba na suti, matope mpaka magoti. Nilimutukana tumbo yake, mizani yake, foto yake. Alexis alitaka kusoma jina yake mu mikro, nikakataza: jina ya munungwe haisomwi, kazi yake haiko muchango.

Kwa hiyo hauna deni. Kiapo yako iko nzima. Njo vile nilifikiri.

Nyumba iko kimya, lakini kwangu ilikuwa kimya tangu zamani. Tofauti ni kwamba sasa hakuna mwenye ananionyesha kwa vidole.

Alphonse


Kambove
18 Desemba 2023

Nkambo,

Video ilifika Kambove mbele yangu. Wameiweka ku kila telefone. Bachimbaji wanaiangalia ku mashimo, Chama ananionyesha mwenyewe kwa mulango. Mukubwa mwenye magari anachimba kaburi kwa mikono yake, amevuliwa viatu, unga ku kichwa, muzee anamutukana na yeye anacheka. Hakuna hata mumoja mwenye kuuliza nani alilipa sanduku. Wanasema: yule ni muntu. Yule hana kiburi.

Chama aliniambia bila ubaya wowote: «Mwalimu, tunakupenda. Lakini ule alichimba.»

Ulitaka kumuvua deni langu, nkambo. Ulimuvalisha matope, na matope ilimupendeza.

Sina hasira na weye. Natafuta hasira sioni. Kesho kutwa nitapiga kura, kiisha nitasahihisha madaftari.

Keren


Kambove
25 Januari 2024

Nkambo,

Haukuandika, na mimi sikuandika. Antoine alisema kila safari ulikuwa unakuja ku taksi, unaangalia ndani, unarudi. Nilimwambia asiniambie tena.

Matokeo yalitoka. Mwenya amepita. Mimi niko chini sana. Wenzangu wenye walishika kiapo, na wao hakuna hata mumoja. Padri alisema misa. Bati la darasa liko vilevile, nimesogeza meza upande wa mulango.

Watu wananipa pole barabarani sawa nilifiwa mara ya pili. Najibu asante. Nakula, nalala, nafundisha. Siku ingine nasimama ku ubao na chaki, watoto wananingoja, na sijui nilitaka kuandika nini.

Juzi Chama alikuja kunisuka. Sikumwita. Alikaa nyuma yangu, akaanza. Katikati akaniambia kwamba kukosa unga wangu hakukumuuma. Alikuwa na unga. Kilichomuuma ni kwamba mikro ilisoma majina ya bantu wa njia yote na jina langu halikusomwa, na bantu waliuliza tumegombana nini. Kiisha akaniambia kwamba mwenye hana kitu kabisa haendi kilio siku hizi, ju anaogopa majina yasomwe na lake likose.

Nilifikiri sana, nikiwa kichwa chini mu mikono yake. Mimi nilikataza kutoa. Nilikosea mulango. Nani anaweza kumukataza muntu asibebe unga kwa mwenye kufiwa? Kibaya ni jina. Mwenya hanunui kwa sanduku, ananunua kwa mikro. Bila mikro, sanduku ni mbao tu. Kama siku moja sheria itaandikwa, ianzie pale: toa, lakini usisomwe.

Mwezi wa pili mwisho mutaondoa kilio, mutamaliza matanga ya nkambo Julienne. Nitakuja kupika na mama bakubwa. Nakuomba kitu kimoja. Weka beseni kubwa, ufunike na kikwembe. Kila muntu aingize mukono chini ya kikwembe, atie ao asitie. Hakuna bahasha yenye jina, hakuna mikro. Bachache ba hapa walikubali kujaribu tukishajaribu sisi. Wanangoja kuona kama inawezekana ku kilio ya muntu mukubwa.

Wewe njo unaweza. Wewe hauna haya.

Keren


Hewa Bora
3 Machi 2024

Muke wangu mudogo,

Ulikuwa nyuma mu moshi, unageuza bukari na ba mama bako, haukuona ya mbele. Acha nikuonyeshe.

Niliweka beseni ku meza, pale Alexis anasimamaka. Nilifunika na kikwembe ya Julienne, ile ya kijani ya kuendea misa. Alexis alikuja na mikro yake, nikamuonyesha kiti. Alikasirika sana. Midomo yake ilienda muda murefu, nikaitikia kwa kichwa: eeh, eeh. Unajua matabishi yake inatokeaka ku majina. Mukubwa akisomwa vizuri anamuwekea kitu mu mufuko. Alikaa na mikro mu magoti sawa mutoto mwenye kufa.

Bantu ba kwanza balisimama mbele ya beseni bila kujua. Mumoja alitia mukono haraka sana, sawa mu maji ya moto. Kiisha wakazoea. Kiisha nikaona Régine, mujane wa nyumba ya nyuma. Tangu bwana yake afe hajakanyaga kilio ya muntu, tulisema ni majivuno. Aliingiza mukono, akaukawiza kule chini ya kitambaa, akautoa, akaenda kukaa mu banamuke benzake. Alitia nini, mie sijui. Alikula bukari pamoja na bote.

Onorable wako Mwenya alikuja na gari tatu. Bahasha yake ilikuwa na jina na foto, unaweza kuisoma toka barabara. Alinikumbatia, sasa ananipenda, nimemuchagulisha mie. Akatafuta mikro kwa macho. Alexis alisimama, nikamukalisha. Mwenya akaongea na mie, akaongea tena, akaonyesha bahasha, akaonyesha Alexis. Nilimuonyesha masikio yangu. Mupiga foto alikuwa amepiga magoti tayari. Ningeweza kumutukana, munungwe ni munungwe, na bantu walikuwa wanangoja, nikaona telefone zinainuka. Hapo njo nilikumbuka matope. Nikafunga mudomo. Muke wangu, hiyo njo kazi nguvu kuliko zote nilifanya mu maisha, kuliko mashine.

Hakuna muntu alicheka. Hakuna muntu alipiga makofi. Alisimama na bahasha, na nyuma yake mustari ulikuwa unangoja, bantu na bantu. Akainama, akaingiza mukono. Mupiga foto akapiga kitambaa.

Alexis alikaa kimya mpaka mwisho, na bantu bote wakawa wanaangaliana. Ni mara ya kwanza tangu mashine niliona kata nzima iko sawa na mie: hakuna mwenye alisikia jina.

Chakula haikutosha, uliona mwenyewe. Benye walikuja mwisho walikula sombe bila samaki. Bengine balisema Alphonse amechanganyikiwa, kilio gani bila kusoma. Lakini kule mwisho wa njia wako na mugonjwa mukubwa, na mutoto wake wa kwanza alikuja asubui kuniomba beseni. Hakuomba kikwembe. Hiyo singemupa.

Ulipoondoka uliinama ukasema kitu mu sikio yangu ya kushoto, ile yenye imekufa kabisa. Sikusikia. Kama ilikuwa tusi, usiandike. Kama ilikuwa nzuri, usiandike vilevile, nitajitengenezea mwenyewe.

Bantu walipoisha, na mie niliingiza mukono. Ndani kulikuwa baridi, na kitambaa kilianguka ku kiwiko changu sawa vile kiliangukaka ku magoti yake. Nilikaa vile kidogo. Nilitia nini ao sikutia, hata weye sitakuambia. Sheria ni yako.

Mbuzi wa chini ni wa mie. Bado anaangalia kulia. Najaribu kumugeuza, hageuki.

Bwana wako muzee,
Alphonse